Nywila ya Lekishon

Asubuhi niliyopata habari za kifo cha Lekishon nilikuwa nimetoka kumfungia mwanafunzi. Ndiyo kazi yangu siku hizi: mimi ni mkutubi, nina miwani, nina kisukari, na nina uwezo wa kumfungia mtu. Kijana wa mwaka wa pili alikuwa amekaa kwenye kompyuta ya maktaba tangu tulipofungua milango, anapakua makala za majarida ya tiba moja baada ya nyingine bila kufungua hata moja aisome, mpaka mfumo ukaniletea onyo kwamba amevuka kiwango. Nikamfungia. Akaja dirishani kwangu amevimba kama andazi, akaniuliza swali ambalo wote huuliza: "Kwani madamu, zikichukuliwa zinapungua?" Nimeulizwa hivyo mara nyingi kiasi kwamba jibu hutoka lenyewe, kama mtu anavyoitikia salamu. Nilikuwa bado namjibu simu ilipoita. Namba siijui, sauti ya mwanaume, Kiswahili chenye lafudhi ya Kimasai kisicho na haraka. "Dada Zuhura, mimi naitwa Sindato. Ni rika la Lekishon. Mwenzetu ametutoka." Maziko yalikuwa kesho yake, kijijini kwao Piyaya. Yeye angepita Karatu na gari alfajiri, kama nataka kwenda.

Alikufa kwa kidole tumbo. Mtu wa umri wetu, baba wa watoto, anakufa kwa kidole tumbo katika zama hizi! Sindato alinisimulia garini, tukiwa tumeshapita lango la Ngorongoro na ukungu umelala juu ya ukingo wa kreta kiasi kwamba hatukuona hata miti ya pembeni. Alisema Lekishon alijipapasa tumbo mwenyewe, akabonyeza upande wa kulia, akaachia ghafla, akauma meno, kisha akawaambia waliomzunguka, "Hiki ni kidole tumbo. Nitafutieni gari." Mtandao wa simu kule unapatikana kilimani, kwa hiyo mtu akapanda kilima. Gari moja lilikuwa bovu, jingine lilikuwa limekwenda Loliondo. Mwisho wakamfunga kwa shuka mgongoni mwa dereva wa pikipiki, na akafia njiani. Alikuwa amesomea utabibu, akabakiza kidogo tu amalize. Alijua kinachomuua kwa jina lake, na alijua kinachotakiwa kufanywa, kwa mpangilio wake, kuanzia dripu mpaka kisu. Nilimsikiliza Sindato nikiwa nimeshika mkanda wa kiti kwa mikono miwili. Nilikuwa na hasira, na kwa muda mrefu sikujua namkasirikia nani.

Mwaka ninaotaka kuusema ni ule nilioanza kazi, nikiwa binti mwembamba wa Karatu mjini mwenye cheti cha ukutubi na mdomo usiotulia. Chuo chenyewe kilikuwa cha afya, nje kidogo ya mji, upande wa mashamba ya ngano, na hakipo tena kwa jina lile. Maktaba ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye madirisha ya vioo vya kulaza, sakafu nyekundu inayosuguliwa kwa nta kila Jumamosi, na rafu ambazo nusu yake zilikuwa tupu. Vitabu vilivyokuwepo vilikuwa vya misaada, vingine vikieleza magonjwa ya watu wa nchi zenye theluji. Mwezi wa saba baridi ya Karatu iliingia kupitia vile vioo kama mwenye nyumba, na wanafunzi walisoma wamejifunga mablanketi. Lakini ukutani, kwenye meza ndefu, kulikuwa na kompyuta chache, na ndani ya zile kompyuta kulikuwa na maktaba ya kweli: majarida ya tiba ya dunia nzima, makala mpya zilizoandikwa na watu waliokuwa hai. Mwalimu Tluway, mkutubi mkuu wetu, Mwiraqw mmoja mrefu mwenye sweta lililochakaa viwikoni, alikuwa amehangaika miaka kupata mkataba ule kutoka kwa kampuni ya ng'ambo. Kila mwanafunzi alipewa jina lake la kuingilia na nywila yake. Siku ya kuzigawa Mwalimu Tluway alisimama mbele yao akasema kwa sauti yake ya chini, "Hii ni yako. Usimpe mtu." Hakueleza zaidi. Nadhani aliona jambo lenyewe lilivyo wazi, kama kumwambia mtu asimwazime mwenzake mswaki.

Lekishon alikuwa mwaka wa mwisho. Kwao Piyaya walikuwa wamejenga zahanati kwa nguvu zao wenyewe, kuta, bati, vitanda, mpaka sinki la kunawia, lakini kila tabibu aliyepangiwa kule aliripoti, akatazama pande zote nne za upepo, akaandika kuomba uhamisho. Wazee wakakaa wakasema dawa ya jambo hili ni kumsomesha mtoto wetu, maana mtoto wetu hawezi kuomba uhamisho kutoka kwa mama yake. Mtoto mwenyewe alikuwa Lekishon. Wanafunzi wote walijua habari hiyo kwa sababu alikuwa akiisema bila kujisifu, kama mtu anavyotaja zamu yake ya kuchota maji. Zahanati ilikuwa imefungwa kufuli, ikimsubiri yeye.

Nilimfahamu kwa sababu ya maziwa. Saa kumi jioni, kantini ya chuo iliuza maziwa ya mgando, na Lekishon alikuwa akinunua jagi dogo kisha anazunguka nalo chuo kizima. Mara yuko kwenye mlango wa maktaba, anachungulia. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema anatafuta mtu wa kunywa naye. Yeye alikuwa bado morani, na morani hanywi maziwa peke yake. Lazima awe na mwenzake wa rika, na pale chuoni hakuwa na mwanarika hata mmoja, kwa hiyo alikuwa ameamua kwamba kijana yeyote wa kiume mwenye umri wake atahesabika kuwa rika. Nyama hakuigusa kantini, kwa kuwa wanawake walikuwepo, na morani hali nyama mbele yao. Alikula makande siku zote, wenzake wakipewa nyama Jumapili yeye anachambua maharage. Mimi sikumwacha apumue. "Wewe daktari mzima," nikamwambia, "unapasua watu, halafu unaogopa kikombe cha maziwa?" Akacheka, meno yake meupe na pengo la chini. "Siogopi maziwa, dada. Naogopa kuwa mtu anayekunywa peke yake." Mwishowe alimpata mlinzi wa getini, Mmbulu mtu mzima mwenye wajukuu, akamtangaza rasmi kuwa mwanarika wake, wakawa wanakunywa wamechuchumaa kando ya kibanda. Tulicheka sana. Sasa nikikumbuka naona kila kitu kilikuwa kimeshasemwa pale, na mimi nilikuwa ninacheka.

Nilipanga chumba kimoja na Flora, msichana wa Kansay, naye mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya duka la Mwarabu mmoja muuza nguo, na kupitia ukuta tulisikia redio yake na adhana na ugomvi wake na wateja wa vitenge. Flora alikuwa mtu wa mipango. Alipika maharage ya siku tatu kwa mkupuo, akafua Jumatano, akalala na daftari kifuani. Utafiti wake wa kumaliza chuo ulihusu akina mama wa Kansay wanaojifungulia nyumbani. Dada yake alikuwa mmoja wao, na hakupona. Hakupenda kulizungumza, lakini nilijua kwamba ile kazi hakuiandika kwa ajili ya maksi. Kila jioni alikuja maktaba kutafuta makala, mbili, tatu, anazisoma mpaka mwisho huku akisogeza midomo, ndipo anatafuta nyingine. Mwalimu Tluway alimpenda kwa hilo. "Huyu anakula kwa kijiko," alikuwa akiniambia.

Ilikuwa karibu na mwisho wa masika, matope mekundu yamefika mpaka kwenye zulia la mlangoni, nilipofungua maktaba asubuhi nikawasha kompyuta na kukuta majarida hayafunguki. Nilidhani ni mtandao. Nikazima, nikawasha. Ikatokea sentensi ya Kiingereza kwenye kioo kwamba chuo chetu kimesimamishwa kwa kukiuka masharti. Mwalimu Tluway alipofika aliisoma akiwa amesimama, mkono mmoja umeshika kiti. Hakupiga kelele. Alikwenda ofisini kuwasiliana na wale watu wa ng'ambo, akarudi uso umebadilika rangi, akaniambia kwamba jina moja la mwanafunzi wetu lilikuwa limetumika Arusha, na Loliondo, na Samunge, na hapa Karatu, siku zilezile. Na kwamba kule Arusha mtu aliweka programu ya kupakua yenyewe, ikawa inabeba jarida zima, toleo kwa toleo, kuanzia la kwanza. Mashine za kampuni ziliona hivyo zikajifunga, na zilipojifunga hazikumfungia mtu mmoja. Zilitufungia sote.

Mchana wanafunzi wa mwaka wa mwisho walijaa kwenye baraza ya maktaba. Tarehe ya kukabidhi tafiti ilikuwa inakaribia na wote walikuwa katikati ya kazi. Daktari mmoja wa hospitali ya jirani, ambaye alikuwa na ruhusa ya kusoma kwetu, alifika akiwa na swali la mgonjwa wake mkononi, kwenye kipande cha karatasi. Akaambiwa hakuna. Alisimama kidogo mlangoni, kisha akarudi nalo hospitali, na sikuwahi kujua mgonjwa yule alikuwa nani wala aliishia wapi. Kijana mmoja akapaza sauti kwamba hawa wazungu wana roho mbaya, kwani makala zikichukuliwa zinapungua? Hapo ndipo nilipolisikia swali lile kwa mara ya kwanza. Mwalimu Tluway alitoka nje akasimama kwenye ngazi.

"Hazipungui," akasema. "Lakini si zetu. Hatukuyanunua haya majarida, tumeyakodi, kama mnavyokodi chumba. Sasa mkiwa wapangaji kumi nyumba moja, halafu mmoja wenu akaanza kung'oa mabati anayapeleka mjini, mwenye nyumba hatauliza ni nani. Atawatoa wote, kwa sababu hawajui mmoja mmoja, anajua mlango tu. Mtu anayesoma, anasoma kwa kasi ya macho yake. Hata angekuwa na bidii gani, ana macho mawili. Yule hakuwa anasoma. Alikuwa anahamisha. Na aliyehamisha hakujua kwamba humu ndani ya kabati zetu hamna kitu. Tulichokuwa nacho ni kuaminiwa tu, na leo hatuaminiwi." Akaingia ndani akafunga mlango. Nilimkuta ameketi anatazama rafu tupu, sweta amelivaa nyuma mbele, kitambulisho chake kikining'inia mgongoni, na hajui.

Jina lilikuwa la Lekishon. Alipoulizwa hakukana. Siku ya kikao cha nidhamu mimi nilikuwa chumba cha nyuma cha maktaba nikipanga magazeti ya zamani, na chumba kile kilitenganishwa na ukumbi wa mikutano kwa ukuta wa mbao nyembamba. Sikwenda kusikiliza, lakini nilipoanza kusikia sikuondoka, na nisingeondoka hata kwa kufukuzwa. Mwenyekiti wa kikao hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Tunajua hukuwa Arusha. Siku ile ulikuwa wodini, sahihi yako ipo. Mtaje aliyetumia nywila yako, tuwapelekee wale watu jina lake, watufungulie, na wewe upewe onyo umalize masomo yako."

"Ni jina langu, mwalimu," Lekishon akasema.

"Jina ni lako, kazi si yako. Ulimpa nani?"

"Aliniomba mtu wa rika langu. Halafu na wengine wa rika wakamwomba yeye."

"Anaitwa nani?"

Nilisikia kiti kinasogezwa, halafu sauti ya Mwalimu Tluway, ya chini kuliko siku zote, karibu ya kubembeleza. "Mwanangu, hapa hakuna anayekutafuta wewe. Kwenu wanakusubiri. Taja mtu mmoja tu, uende ukawe tabibu."

"Nikimtaja mwanarika mbele ya watu, mwalimu, nitakuwa tabibu wa nani?"

Nadhani wote mle ndani walielewa kwamba hakuwa anafanya kiburi. Kwao nyumba ya mwanarika ni nyumba yako, ng'ombe wake akichinjwa una fungu lako, na ukimnyima alichokuomba, au ukimtoa kwa watu wasio wa rika, habari inafika kabla yako kila boma utakalokwenda. Angerudi Piyaya na cheti chake, na nani angefungua mdomo apewe dawa na mtu wa namna hiyo? Waliahirisha kikao mara mbili ili wampe nafasi ya kufikiri. Alifikiri, na jibu likabaki lilelile. Kampuni nayo ilikuwa inauliza chuo kimechukua hatua gani, na tarehe za wanafunzi zilikuwa zinapita. Wakamfukuza.

Kabla ya kuondoka alikuja chumbani kwetu kumwomba Flora radhi, kwa kuwa alikuwa amesikia kazi ya Flora imekwama. Alisimama mlangoni, hakuingia, shuka begani, amejitanda rubega juu ya shati la chuo. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Flora hakunyanyuka kitandani.

"Nisamehe," Lekishon akasema. "Sikujua itafika kwako."

"Ulimpa nani cha kwangu?"

"Cha kwako?"

"Ndiyo, cha kwangu! Na cha yule daktari aliyerudi na karatasi yake, na cha kila mtu pale. Wewe una rika, Lekishon. Mimi sina rika. Mimi nina tarehe ya kukabidhi, na nina dada amelala chini ya udongo Kansay."

Alifikiri kwa dhati, kama alivyokuwa akifikiri mbele ya mgonjwa. "Nilidhani nagawa changu," akasema. Flora akageukia ukutani, na ukutani redio ya Mwarabu ikaendelea kutangaza bei za vitunguu. Nilitaka kumwambia kaka yule kitu, hata mzaha tu, lakini mdomo wangu wote ulikuwa umeniishia.

Tulimsindikiza mimi na mlinzi wa getini. Alikaa juu ya sanduku lake la bati kando ya lami akisubiri gari la kupanda Ngorongoro, na magari ya watalii yakawa yanapita moja baada ya jingine kuelekea getini. Moja likapunguza mwendo, kioo kikashuka, mama mmoja wa Kizungu akatoa kamera, akampiga picha, akatupungia mkono. Alikuwa ameona Mmasai barabarani. Lekishon naye akapunga, kwa adabu. Mlinzi alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Nililia nikiwa narudi, na nililia kwa sauti, sikujali waliokuwa sokoni.

Majarida yalirudi baada ya muda, yakiwa na kiwango: ukivuka idadi fulani kwa siku, unafungiwa wewe, siyo chuo. Mwalimu Tluway ndiye aliyepigania utaratibu huo, na mimi ndiye niliyeurithi. Flora alikosa tarehe, akarudia mwaka. Sasa ni muuguzi mkuu mahali fulani Singida, na nilipompigia juzi kumpa habari ya msiba alisema, "Mungu amlaze pema. Lakini mwaka wangu hakunirudishia." Sikumlaumu. Watu hupenda kusema kwamba sheria ngumu huwaumiza wanyonge, na ni kweli. Ila mimi nilishaona mwaka ule kwamba na ukosefu wa sheria huwaumiza wanyonge walewale, tena wengi kwa wakati mmoja. Naamini hivyo mpaka leo. Ndiyo maana nafungia watu bila kusita. Hata hivyo, tulipokuwa tunashuka kutoka kwenye ukingo kuelekea nyanda za chini, vumbi likaanza na ukungu ukaisha, imani yangu hiyo haikunisaidia kitu.

Zahanati ya Piyaya tuliiona kabla ya kuona watu. Bati lake lilikuwa limeshika kutu, mlango una kufuli, mbuzi wamelala kwenye kivuli cha ukuta. Sindato alisimamisha gari pale, akazima injini. Ni mtu wa shati lililopigwa pasi, ana kazi nzuri Arusha kwenye mradi wa mambo ya maji. Alitazama usukani.

"Ni mimi, dada," akasema. "Aliyepewa nywila ile ni mimi. Nilikuwa nafanya kazi intaneti kafe pale Arusha. Kuna wenzetu walikuwa wanasoma, wa Samunge, wa Loliondo, hawana kitu kabisa. Nikasema nitoe vyote mara moja, niwachomee kwenye CD, kila mtu awe navyo kwake. Sikuuza hata kimoja."

"Na ulipojua kwamba amefukuzwa?"

"Nilitaka kuja Karatu nijitaje. Akanitumia ujumbe kwamba nikija, atasema hanijui."

"Na wewe ukamtii."

"Nikamtii."

"Ulifurahi kumtii," nikamwambia. Ulikuwa ukatili, na nilikusudia uwe hivyo. Sindato hakujitetea. Akawasha gari.

Baada ya maziko mwinjilisti aliomba, wanaume wakaenda upande wao kwenye nyama, na mimi nikaitwa ndani kwa mjane. Nairukoki alikuwa amekaa kwenye kitanda cha ngozi karibu na moto, ushanga wote ameuvua, kichwa kimenyolewa upya. Nilimsalimu, akaniitikia, akanipa chai ya maziwa iliyojaa moshi. Kijana wake mkubwa, aliyemaliza kidato cha sita, alikuwa amechuchumaa kando yake, sura ya baba yake mpaka lile pengo. Mama yule alizungumza Kiswahili cha kuchagua neno moja moja, na pale neno lilipokosekana kijana alimsaidia.

"Dada, wewe ulikuwepo kule Karatu. Aliiba nini?"

"Hakuiba, mama."

"Walisema aliiba vitabu. Watoto wangu wanaitwa watoto wa mwizi wa vitabu. Nimeishi naye miaka hii yote, sijaona kitabu hata kimoja. Nikimuuliza, anasema yameisha."

Nikamweleza. Nimeeleza jambo lile maisha yangu yote ya kazi, kwa wanafunzi, kwa walimu, kwa wakuu wa vyuo, lakini safari ile jibu halikutoka lenyewe. Nililitoa kipande kwa kipande: mlango wa kukodi, ufunguo wa kila mtu, rika aliyeomba, mashine iliyobeba kila kitu, watu wote waliofungiwa, msichana wa Kansay. Kijana akawa anamtafsiria mama yake kwa Kimasai, polepole, na niliona anavyoelewa yeye mwenyewe kadiri anavyotafsiri. Nairukoki alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, akichokoa moto.

"Aliyepewa," akasema, "Lekishon alikataa kumtaja?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo kule walimfukuza kwa sababu aligawa."

"Ndiyo, mama. Kwa kugawa."

"Hapa tungemfukuza kama angenyima."

Akasema hivyo bila uchungu wowote, kama mtu anayepima urefu wa kamba mbili. Nje wanaume walikuwa wanakata nyama, na sauti ya Sindato ilisikika ikiita watu wasogee, kila mtu apate. Nairukoki akanyoosha mkono akaushika wa mwanawe, akausukuma kuelekea kwangu.

"Huyu amechaguliwa chuo chenu. Anakuja mwezi ujao, anasomea kazi ya baba yake. Dada, mimi siwezi, sikulelewa hivyo. Wewe mfundishe kunyima."

Kijana akanitazama, akingoja nianze.